Kutuliza maumivu ya kujifungua: maswali ya wajawazito na wanaowasindikiza

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mama anayejiandaa kujifungulia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya Afrika Mashariki, pamoja na yule atakayekaa naye leba. Hayachukui nafasi ya mkunga wako, ambaye ana kadi yako mkononi na amekupima mwenyewe. Yanataka ufike leba ukijua la kuomba, maana mengi ya kutuliza maumivu hayana gharama, na bado akina mama wengi huyakosa kwa sababu hakuna aliyewaambia yapo.

Uchungu wa uzazi unatoka wapi hasa?

Mfuko wa uzazi ni msuli mkubwa. Unapojikaza, unauvuta mlango wa kizazi ufunguke mpaka kufikia sentimita 10, na unamsukuma mtoto kushuka. Katika hatua ya kwanza, njia inapofunguka, maumivu hukaa chini ya kitovu, kiunoni na wakati mwingine kwenye mapaja. Yanapanda, yanafika kileleni, kisha yanashuka na kuachia. Mtoto anapoanza kutoka maumivu yanahama: sasa ni ya uke na msamba kutanuka, yenye kuchoma, na yamekaa mahali pamoja. Ndiyo maana kinachosaidia saa za mwanzo si lazima kisaidie mwishoni.

Mtoto akiwa amelalia mgongo wa mama, yaani kisogo chake kinagandamiza uti wa mgongo, maumivu ya kiuno huwa makali na hayaachii vizuri hata uchungu unapopoa. Huyu ni mama anayehitaji msaada zaidi, si kuambiwa kwamba anadeka.

Hofu nayo ina sehemu yake. Mama aliyeogopa hukaza mabega, taya na nyonga, anapumua juu juu, anachoka mapema. Kueleweshwa kinachoendelea, kwa sauti ya upole, ni tiba kamili.

Kwa nini nilirudishwa nyumbani na huku naumia?

Huenda ulikuwa kwenye mwanzo wa uchungu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba uchungu kamili uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba ile kanuni ya zamani ya kila mama kufunguka sentimita moja kwa saa haiwafai wanawake wote. Mwanzo huo unaweza kuchukua saa nyingi, hasa kwa mimba ya kwanza. Lakini kuwa mwanzoni hakumaanishi huumii. Nyumbani oga maji ya uvuguvugu, lala kwa ubavu, kunywa uji au chai, tembea kidogo kisha pumzika. Paracetamol inaruhusiwa: gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, usirudie kabla ya saa 6 na usizidishe gramu 4 kwa siku nzima.

Kama unaishi mbali, ni usiku na usafiri ni wa kubahatisha, chupa imepasuka, unatoka damu, au uliwahi kupasuliwa, usikubali kurudishwa kirahisi. Waeleze hali yako. Vituo vingine vina chumba cha kusubiria kwa ajili ya mama kama wewe.

Je, kuomba dawa ya maumivu ni kudeka?

Hapana. Wengi wetu tulianza kuambiwa tujikaze tangu tukiwa wali wa unyagoni. Somo husema mwanamke hapigi kelele leba, bibi naye husema hivyo, na nesi aliyechoka humalizia kwa kumfokea mama mbele ya wenzake. Matokeo yake mama anaona haya hata kusema "naumia".

Yuko mama anayetaka kuzaa bila dawa yoyote, na anaweza. Tumuunge mkono kwa moyo wote. Ila hiyo ni hiari yake, si rula ya kuwapimia wengine. Kitabibu, maumivu makali yasiyotulizwa hupandisha presha, huharakisha moyo na pumzi, na humchosha mama kabla ya kufika wakati wa kusukuma. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya mimba, kutulizwa maumivu ni sehemu ya matibabu yake.

Dini inakataza?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, lakini linaulizwa sana. Wakristo hutaja kitabu cha Mwanzo, "kwa utungu utazaa watoto". Mabishano hayo si mapya. James Young Simpson, daktari wa Edinburgh, alipoanza kutumia klorofomu kwa wazazi mwaka 1847, ilibidi aandike kuwajibu waliopinga kwa kutumia aya hiyo. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alivutishwa klorofomu na daktari John Snow alipomzaa Leopold, mwanawe wa nane, na kelele zikapungua. Klorofomu yenyewe iliachwa baadaye kwa sababu ya hatari zake. Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa 12 alizungumza na madaktari wa uzazi mwaka 1956 na kueleza kwamba kupunguza maumivu ya kuzaa hakupingani na Maandiko.

Kwa Waislamu, isomeni sura ya Maryam kuanzia aya ya 23. Uchungu unampeleka Maryam kwenye shina la mtende, na anatamani angekuwa amekufa kabla ya hayo. Hakemewi kwa maneno hayo. Anaambiwa asihuzunike, anaonyeshwa kijito cha maji chini yake, anaambiwa atikise mtende ziangukie tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Mama yule alifarijiwa, akapewa maji na chakula, akapata mahali pa kuegemea. Sijui leba ngapi zinawapa akina mama hayo yote kwa pamoja.

Nitajifungulia zahanati ya kijijini. Sindano hakuna. Nifanyeje?

Yapo mengi, na hayo ndiyo ya kujifunza kabla ya siku yenyewe.

Usilale chali. Kulala chali kunagandamiza mishipa mikubwa ya damu, kunazidisha maumivu ya kiuno na kumpunguzia mtoto hewa. Tembea, egemea ukuta, kalia kigoda huku umeinamia kitanda, piga magoti na mikono chini kama anayedeki. Mkao huo wa magoti na mikono ndio unaowafaa zaidi wale ambao mtoto amewalalia mgongo. Ukichoka, lala kwa ubavu. Katika mwongozo wake wa 2018 Shirika la Afya Duniani linataka mama aachwe atembee na achague mkao wake, hata wakati wa kusukuma.

Kukandwa kiuno. Msindikizaji anaweka kitako cha kiganja pale mgongo unapoishia, juu kidogo ya matako, na kubonyeza kwa nguvu kila uchungu unapopanda. Abonyeze kwelikweli, maana kupapasa kwa huruma hakusaidii wakati huo. Mafuta ya nazi yanazuia ngozi kuchubuka. Mama mwenyewe ndiye atakayesema "hapo", "juu kidogo", "ongeza".

Joto. Chukua khanga moja kati ya zile ulizobeba, ichovye maji ya moto, ikamue, ijaribu kwanza kwenye mkono wako ndani ya kiwiko, kisha ikunje na kuiweka kiunoni au chini ya tumbo. Wakati wa kusukuma, mkunga anaweza kuweka kitambaa safi cha uvuguvugu kwenye msamba. Hilo limeonekana kupunguza kuchanika vibaya, mbali na kupunguza maumivu. Kama kuna bafu, maji ya uvuguvugu yakimwagwa mgongoni ni nafuu kubwa.

Kupumua. Uchungu ukianza, vuta hewa taratibu kwa pua, itoe polepole kwa mdomo kama anayepoza chai, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Legeza taya. Sauti nzito ya kuguna inasaidia, tofauti na ukelele mkali wa kooni unaokaza mwili. Wengine hufuata dhikri, wengine pambio la kanisani, na kila uchungu unakuwa na beti zake.

Mtu wa kukaa nami leba anasaidia kweli, au ni kushikana mikono tu?

Mimi nikilazimishwa kuchagua jambo moja la kubadilisha kwenye leba zetu, ningechagua hili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba mama asiyeachwa peke yake hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, hupasuliwa mara chache zaidi, huhitaji dawa za maumivu kidogo zaidi na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Hakuna sindano inayotoa faida zote hizo bila madhara.

Hoja inayotolewa ni kwamba leba imejaa na hakuna faragha. Ni hoja ya kweli kwa mume wa mtu kuingia wodi isiyo na mapazia. Haimzuii mama mzazi, dada, shangazi au wifi. Mkoani Kigoma, mradi wa majaribio ulioendeshwa kuanzia 2016 hadi 2018 katika vituo vya serikali ulionyesha kwamba wasindikizaji wanaweza kuingizwa kwenye huduma za kawaida, si za kulipia tu.

Mchague mtu mtulivu. Kama mama mkwe akiwa karibu unabanwa na haya, si lazima awe yeye, na anaweza kupewa kazi nyingine ya heshima, kama vile kupika uji na kupokea simu za ukoo.

Nitaruhusiwa kula na kunywa?

Kama huna tatizo linaloweza kukupeleka chumba cha upasuaji, ndiyo: maji, chai, uji, tende, ndizi. Njaa na kiu huongeza maumivu na kuondoa nguvu. Kojoa kila baada ya saa mbili hivi, maana kibofu kilichojaa kinauma na kinamzuia mtoto kushuka.

Pethidini ni nini, na ni salama?

Ni dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini, hufungiwa kabatini na hutolewa kwa maagizo. Huchomwa kwenye msuli, kwa kawaida miligramu 50 hadi 100. Huanza kufanya kazi ndani ya dakika 20 hivi na nafuu yake hudumu saa 2 mpaka 4. Tutegemee kiasi: haiondoi maumivu, inayapoza makali na kumfanya mama asinzie kati ya uchungu mmoja na mwingine. Kwa mama ambaye hajalala tangu jana, usingizi huo mdogo ni mkubwa. Inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, kwa hiyo mara nyingi huambatanishwa na dawa ya kuzuia kutapika, na baada ya kuchomwa usitembee peke yako.

Inavuka na kumfikia mtoto. Mtoto akizaliwa saa chache baada ya sindano, hasa kati ya saa ya 2 na ya 3, anaweza kuwa na usingizi, kupumua kwa uvivu na kuchelewa kunyonya. Ndiyo maana mkunga anakupima njia kwanza kabla ya kukuchoma, na mwenye kuonekana kukaribia kuzaa huambiwa imechelewa. Hapo asifikiri ananyimwa kwa roho mbaya. Kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua kiwe tayari, na ipo dawa ya kupunguza nguvu ya pethidini, naloksoni, ambayo hospitali inayotumia pethidini inapaswa kuwa nayo. Mtoto wa namna hiyo awekwe kifuani na ajaribiwe kunyonya tena na tena.

Mwenye selimundu (siko seli) aseme mapema. Kwake pethidini inaepukwa kwa sababu ya hatari ya degedege, na hupewa dawa nyingine.

Nilichomwa Buscopan nikaambiwa ni ya maumivu. Mbona sikusikia nafuu?

Kwa sababu kazi yake ni nyingine. Hulegeza mlango wa kizazi na inaweza kufupisha saa za kufunguka. Ukiambiwa umepewa dawa ya maumivu, una haki ya kuuliza jina lake.

Diklofenaki au aspirini niliyo nayo nyumbani?

Usimeze kabla ya mtoto kuzaliwa, wala ibuprofen. Dawa za jamii hiyo mwishoni mwa mimba zinaweza kufunga mapema mshipa muhimu ulio karibu na moyo wa mtoto. Baada ya kujifungua ni habari nyingine, hapo diklofenaki hutumika sana na ni nzuri, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo zenye shida au anayetoka damu nyingi.

Epidurali inafanywaje?

Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote kwa uchungu wa kawaida. Daktari wa usingizi anakukalisha ukiwa umeinama, au anakulaza kwa ubavu, anasafisha kiuno, anachoma ganzi kidogo kwenye ngozi, kisha anapitisha sindano kati ya pingili za chini za mgongo. Ndani yake anapitisha mrija mwembamba laini, anaitoa sindano na kuuacha mrija umebandikwa mgongoni. Dawa hupitia hapo, ikiongezwa kadiri unavyohitaji mpaka mtoto azaliwe. Sindano inaingia chini ya mahali uti wa neva unapokomea, si kwenye uti wenyewe.

Ndani ya dakika 15 hadi 20 baada ya dawa kuingia, maumivu hushuka sana. Dozi za siku hizi ni nyepesi: bado utasikia tumbo likikaza, na wengi wanaweza kuchezesha miguu. Utapimwa presha mara kwa mara, hasa dakika za mwanzo, kwa sababu inaweza kushuka. Mapigo ya moyo wa mtoto yatafuatiliwa, na huenda ukawekewa mpira wa mkojo. Muwasho na kutetemeka hutokea, na joto la mwili linaweza kupanda. Kwa baadhi ya akina mama ganzi inashika upande mmoja tu. Sema mapema, mrija urekebishwe.

Hakuna sentimita maalumu za kusubiri mradi uchungu umeshika. Kinachoweza kukunyima ni kuchelewa mno, kwa sababu unahitaji kutulia bila kutikisika wakati wa kuchomwa.

Sindano ya mgongo italeta maumivu ya mgongo maisha yote?

Pengine hili ndilo linalowakimbiza wengi zaidi. Tafiti zilizolinganisha waliochomwa epidurali na wasiochomwa hazikuona tofauti ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Pale sindano ilipoingia panaweza kuuma siku chache. Maumivu ya mgongo baada ya kuzaa ni ya kawaida kwa wote: mimba imebadilisha mkao wa mwili, viungo vya nyonga vimelegea, na sasa kuna kuinama, kubeba na kunyonyesha bila kuegemea.

Tatizo la kweli, ambalo si la kawaida, ni kichwa. Kwa epidurali, mama mmoja hivi katika 100 sindano hutoboa utando na maji ya uti wa mgongo yanavuja. Kichwa kinauma vibaya ukikaa au kusimama na kupoa ukilala. Usikae nalo nyumbani ukidhani ni uchovu. Rudi hospitali, lina tiba. Madhara makubwa ya neva yapo, lakini ni adimu sana.

Itanifanya nipasuliwe?

Hapana, epidurali haiongezi upasuaji. Kwa dozi kubwa za zamani kusukuma kulikuwa kugumu zaidi na watoto wengi walivutwa kwa vifaa, jambo ambalo dozi nyepesi zimelipunguza. Kusukuma kunaweza kuchukua muda mrefu kidogo.

Nani hafai kuwekewa?

Mwenye damu isiyoganda vizuri au chembe sahani (za kugandisha damu) chache mno, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mwenye maambukizi pale mgongoni au yaliyosambaa mwilini, na aliyepoteza damu nyingi. Mwenye presha ya mimba mara nyingi anafaa sana, baada ya kupimwa damu. Virusi vya UKIMWI havizuii, mradi unaendelea na dawa zako. Aliyewahi kupasuliwa anaweza kuwekewa, kwenye hospitali yenye uwezo wa kumfuatilia na kumpasua haraka.

Mbona hospitali ya wilaya hawanipi?

Kwa sababu inahitaji mtu wa kukaa na wewe. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi liliweka lengo la angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na Tanzania na Kenya bado hazifikishi hata mmoja. Wachache waliopo wanahitajika kwenye upasuaji wa dharura. Hivyo epidurali hupatikana zaidi hospitali za binafsi za miji mikubwa na baadhi ya hospitali za rufaa. Hata pale ambapo huduma kwa wajawazito ni bure kwa sera, usidhani hii imo. Iulize bima yako kwa jina lake, na uulize pia kama daktari wa usingizi yupo usiku na Jumapili.

Niko Uingereza na nimeambiwa kuna gesi. Ni ile ya kulaza?

Siyo. Ni mchanganyiko wa nusu oksijeni na nusu oksidi ya nitrasi, unauvuta mwenyewe kwa kibomba cha mdomoni. Anza kuuvuta uchungu unapoanza tu, usisubiri kilele, kwa sababu unahitaji nusu dakika hivi kushika. Unaleta kizunguzungu kinachoisha mara unapoacha, na mtoto hadhuriki. Huku kwetu ni adimu.

Dripu ya kuongeza uchungu inauma zaidi?

Akina mama wengi wanasema hivyo, na tunawaamini. Uchungu wa dripu hupanda kwa kasi na nafasi ya kupumzika ni fupi. Ukiambiwa utawekewa, hapo hapo uliza utapewa nini cha maumivu. Uchungu ukija zaidi ya mara 5 ndani ya dakika 10, mwite mkunga apunguze.

Mama amenipa dawa ya miti shamba ili nizae haraka bila kuteseka.

Usinywe. Nia ya mama ni njema, lakini dawa hizo nyingi hazina kipimo, na zile zenye nguvu huukaza mfuko wa uzazi bila kuachia. Mtoto anakosa hewa, na mfuko unaweza kupasuka. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kupasuliwa, na ni kubwa maradufu ukichanganya na dripu ya hospitali. Vidonge vya misoprostoli, vinavyokaza mfuko wa uzazi, vya kununua dukani ni hatari vilevile. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga hata ukiogopa kufokewa. Chai ya tangawizi nyepesi na dua havina tatizo.

Je, ni kawaida kushonwa bila ganzi?

Imezoeleka katika vituo vingi, lakini si sahihi. Kabla ya kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba, na kabla ya kushonwa, mama anapaswa kuchomwa ganzi ya lignokeini. Ni dawa ya bei ndogo, imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na hata zahanati inatakiwa kuwa nayo. Mwongozo wa shirika hilo unamtaka mhudumu asubiri dakika 2 baada ya kuchoma, kisha abane ngozi kwa koleo dogo. Mama akisikia, wasubiri dakika 2 nyingine na kujaribu tena.

Maneno "ni nyuzi mbili tu" au "umeshazaa, hili litakushinda?" hayapunguzi maumivu. Sema: "Dada, naomba ganzi kwanza." Ukisikia sindano ya uzi, sema tena, ganzi inaweza kuongezwa. Msindikizaji anaweza kukusemea ukiwa huna nguvu. Kama dawa imekwisha kituoni, kidonda kisichotoka damu kinaweza kusubiri kidogo jamaa akaitafute duka la dawa. Kinachovuja damu hakisubiri. Ifahamike pia kwamba kuongezewa njia si jambo la kila mama wa uzao wa kwanza, ni la sababu maalumu.

Mama aliyekeketwa na kushonwa atahitaji kufunguliwa, na hilo nalo ni kwa ganzi. Liseme kliniki mapema, si siku ya leba. Vilevile kondo la nyuma likigoma na kutolewa kwa mkono, dawa ya nguvu ya maumivu itolewe kwanza isipokuwa damu inamwagika na hakuna muda.

Nikipasuliwa nitakuwa macho?

Kwa kawaida ndiyo, kwa spaino: dozi moja ya ganzi kiunoni, inayoshika ndani ya dakika chache. Utasikia kuvutwa na kusukumwa, usisikie kukatwa. Ukisikia maumivu makali, sema wasimame. Usingizi kamili unabaki kwa dharura na kwa wasiofaa ganzi ya mgongo. Baadaye omba dawa za maumivu kwa saa zake, usingoje mpaka uzidiwe. Ukiumia hutainuka kitandani, hutatembea, na maziwa yatachelewa.

Mbona tumbo linauma tena ninaponyonyesha?

Mfuko wa uzazi unarudi kuwa mdogo, na mtoto akinyonya unakaza. Kwa mzao wa pili na kuendelea ni kali zaidi. Kojoa kabla ya kunyonyesha, meza paracetamol au ibuprofen, ambazo haziathiri maziwa, na usikubali kukandwa tumbo kwa maji ya moto sana. Wanaoungua hivyo ni wengi mno.

Maumivu gani si ya uchungu wa kawaida?

Tumbo gumu kama ubao lisiloachia kabisa, pamoja na damu au bila damu. Maumivu yasiyokoma pale ulipopasuliwa zamani. Uchungu mkali uliokatika ghafla huku mama akilegea na kutoka jasho la baridi. Kichwa kikali na macho kuona ukungu. Maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia. Homa. Mtoto kuacha kucheza. Baada ya kujifungua, msamba unaovimba na kuuma zaidi kila saa unaweza kuwa na damu iliyojikusanya ndani. Yote haya ni ya kwenda hospitali sasa hivi, na dawa ya maumivu isitumike kuyafunika.

Niulize nini kliniki?

Ulizia hudhurio la wiki ya 36 au kabla. Nani anaruhusiwa kukaa nami, na aje na nini? Nitaruhusiwa kutembea na kuchagua mkao? Mna sindano gani za maumivu, na usiku zipo? Lignokeini ipo, au ninunue? Nikihitaji kupasuliwa, nitapelekwa wapi na kwa usafiri gani? Majibu yaandike nyuma ya kadi ya kliniki pamoja na jina na simu ya msindikizaji wako, kisha mpe naye nakala.